Namba Iliyo Chini ya Plagi

Vespa yangu ilijam mwezi wa Januari, saa nne za asubuhi, nilipokuwa nimeshaipita Kinyasini naelekea Nungwi, kaskazini ya Unguja. Barabara ilikuwa tupu, kaskazi inavuma, na mimi nilikuwa nimevuta mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuvuta tangu fundi anikabidhi injini iliyoongezwa nguvu. Ng'ombe akatoka kwenye majani akaanza kuvuka. Nikaachia mafuta. Papo hapo sauti ikakatika, tairi la nyuma likajifunga na kuchora mstari mweusi juu ya lami, na kilichoniokoa ni vidole vilivyokuwa tayari juu ya klachi. Nikaibana, Vespa ikaserereka mpaka kwenye mchanga wa pembeni. Ng'ombe alikwisha vuka. Nikabaki kusikiliza chuma kinavyopoa chini ya kava la kulia: ti, ti, ti.

Kwa wiki kadhaa niliamini kwamba injini ilijam kwa sababu ya kasi. Sivyo. Ilijam kwa sababu niliachia baada ya kasi. Injini za Vespa hizi za zamani ni za mipigo miwili, zile ambazo mafundi huziita tustroki. Hazina oili yake inayozunguka chini ya pistoni kama pikipiki za bodaboda. Oili huingia pamoja na petroli, ama umeichanganya mwenyewe kwenye tangi, ama pampu imekuchanganyia. Ukiachia mafuta ghafla unakata petroli, na oili nayo umeikata. Pistoni ambayo imeshapata moto mkali inaendelea kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika bila kulainishwa, na bila ule ubaridi wa petroli mbichi inayoipitia kila mzunguko. Hapo ndipo inapoikamata silinda.

Tulipofungua tuliona alumini ya pistoni imejipaka kwenye ukuta wa silinda upande wa tundu la moshi, kama siagi iliyopakwa mkate. Silinda yangu ni ya chuma cha kusubu, kwa hiyo fundi aliiokoa: alipaka kostiki soda, ile ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni, ikala alumini na kuacha chuma kama kilivyo. Pistoni haikuokoka.

Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa Vespa ni nini. Kwetu jina hilo limekuwa la skuta zote. Hata iliyotoka Japani au China huitwa vespa. Ijumaa mchana simama Darajani uone wanaume wa kanzu nyeupe wanavyopita nazo kwenda msikitini, miguu imetulia mbele, kanzu safi, hakuna tone la oili. Hilo halikutokea kwa bahati. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa vyombo vya angani, na kampuni ya Piaggio ya Pontedera, Italia, iliiandikishia hataza mwezi wa Aprili 1946. Alitaka chombo ambacho mtu anakipanda bila kurusha mguu juu, na ambacho injini yake imefichwa kabisa isimchafue mpandaji.

Lakini injini iliyofichwa haipati upepo wa njiani. Kwa hiyo feni ilitiwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na feni inasukuma hewa ndani ya kava la bati linaloibana silinda na hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ipite katikati ya mapezi ya chuma na kutokea upande wa pili. Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu wengi wanaoongeza nguvu za Vespa zao hawalifikirii. Kwenye pikipiki ya kawaida, ukienda kasi upepo unaongezeka. Kwenye Vespa, kinachoongeza upepo ni mzunguko wa injini tu. Ukiwa gia ya nne, umembeba mtu nyuma, upepo wa mbele unakusukuma, injini inakwenda chini chini na wewe umevuta mafuta yote, basi umeomba moto mwingi kabisa na umeipa feni mzunguko mdogo. Ukirudi gia ya tatu injini inapiga kelele zaidi, na mwenzako wa nyuma anadhani unaitesa, kumbe umeipa hewa.

Mapezi yale na feni ile vilipimiwa injini ya kiwandani. Yangu ni PX 125. Ilipozaliwa ilikuwa na silinda yenye kipenyo cha milimita 52.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 57, yaani sentimita za ujazo 123. Sasa ina silinda ya milimita 63. Mwendo ni ule ule, na ujazo umekuwa 177. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, imetoka ya milimita 20 kwenda ya 24, na ekzosi imebadilishwa. Moto umeongezeka sana, lakini feni ni ile ile ya zamani.

Niliporudi kwa fundi na Vespa juu ya pikapu, nilimwambia nataka kutia geji ya joto. Ni mzee wa mtaa wa Ng'ambo, ameshika spana tangu kabla sijazaliwa, na mimi humwita ami ingawa hatuna undugu. Akaniambia, "Sikio, mwanangu. Geji yako ni sikio, na pua, na plagi ya cheche ukiifungua uitazame rangi." Sikumbishia, kwa sababu ni kweli. Nimemwona akisimama mita kumi kutoka kwenye pikipiki inayounguruma na kusema jeti, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ni ndogo, na ikawa ndogo. Lakini mimi sina sikio lake. Na hata sikio lake linahitaji injini iseme kwanza, na kwenye kasi, katikati ya upepo na kofia ngumu kichwani, nilichokisikia siku ile ni ukimya peke yake.

Geji niliyoipata ni ndogo kama kibiriti, ina betri yake ndani, haitegemei umeme wa Vespa. Inakuja na waya wenye pete ya shaba mwishoni, tundu la milimita 14, ambayo inakaa chini ya plagi mahali pa washa yake, ile pete bapa ya chuma. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Unafungua plagi, unaitoa washa ya asili, unatia pete, unakaza. Waya unapita kwenye tundu la kava ukiwa umevikwa mpira usikatwe na bati, unafuata kebo za gia mpaka kwenye usukani.

Nusu saa hiyo mimi niliifanya siku mbili, kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Nikaukata, nikauunganisha na waya wa kawaida wa shaba, nikafunga tepu vizuri. Namba zikatoka nzuri mno. Nilizunguka mji mzima nikiona 110, 115, nikafurahi kwamba injini yangu ni ya baridi kumbe. Ilikuwa hatari tupu. Sensa hii inaitwa themokapo: ni nyaya mbili za metali mbili tofauti zilizounganishwa ncha, na tofauti ya joto kati ya ncha ile na mwisho wa nyaya ndiyo inayozaa umeme mdogo sana, kwenye aina ya K kama sehemu 41 za milioni za volti kwa kila nyuzi moja. Geji inapima umeme huo na kujumlisha joto la mahali ilipo yenyewe. Sasa mimi niliiunganisha shaba karibu na injini, palipo moto. Shaba kwa shaba haizai kitu, kwa hiyo nyuzi zote zilizokuwa kati ya kiungo changu na usukani zilipotea njiani. Injini ilikuwa inaungua vile vile, geji ndiyo iliyokuwa haioni. Nikaagiza waya mrefu wa metali zile zile, nikatupa wa shaba. Namba ikapanda mpaka 140 kwa mwendo ule ule, na safari hii nikaiamini.

Kila anayeiona usukanini huniuliza jambo moja: inatakiwa iwe ngapi? Swali zuri, na jibu lake limewapoteza wengi. Ziko injini ambazo waliozitengeneza waliandika kikomo wazi. Rotax 503 ya Austria, injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa na iliyorusha ndege nyingi ndogo ndogo, ina kikomo cha nyuzi 250 kwenye hedi na 650 kwenye moshi. Ukizichukua namba hizo ukazitia kwenye Vespa yenye silinda ya kuongezwa, utakuwa unasubiri 250 wakati pistoni yako imeshakamata zamani. Hata Vespa mbili zilizofanana hazisomi sawa. Pete ikiwa imeelekeza mkia wake upande feni inakotoa hewa, itasoma chini. Ukiigeuza upande wa pili, itasoma juu, na injini haijabadilika hata chembe. Namba yangu ni ya pete yangu, ilivyokaa kwangu.

Kwa hiyo nilinunua daftari. Nikachagua kipande kimoja cha barabara, kutoka Tunguu mpaka mwanzo wa msitu wa Jozani, nikawa nakipita kwa mwendo mmoja, kilomita 70 kwa saa, na kuandika: tarehe, saa, mtu wa nyuma yupo au hayupo, upepo, namba. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, na ndani ya daftari hilo nimejifunza zaidi ya nilivyojifunza kwa maneno ya watu.

Kusi ikivuma, kwenda Jozani ni 158, kurudi 146. Mwendo ni ule ule, barabara ile ile. Upepo wa mbele haupozi Vespa, unaipasha moto, kwa sababu injini inafanya kazi zaidi na feni haizunguki zaidi. Mpwa wangu akikaa nyuma ni nyuzi sita au saba za ziada. Siku za Julai, alfajiri, hewa ikiwa ya baridi na nzito kidogo, injini inavuta vizuri kuliko mchana, na namba nayo inapanda kuliko nilivyotegemea. Hewa ya baridi ina oksijeni nyingi zaidi kwa ujazo ule ule, jeti ni ile ile, basi petroli inapungua kwa kulinganishwa na hewa, na mchanganyiko mkavu unaunguza. Nilikuwa nadhani asubuhi ya baridi ndiyo saa salama ya kukimbiza.

Na jambo lililonishtua kuliko yote: ukizima injini, namba inapanda. Nimesimama nyumbani, ufunguo nimeutoa, geji inasoma 139, kisha 145, kisha 151. Mara ya kwanza nilikimbilia kulegeza kava. Hakuna ubaya wowote. Feni imesimama, moto uliojificha ndani ya hedi unatoka taratibu kuja kwenye pete, na baada ya dakika chache unaanza kushuka. Tangu hapo, nikitoka safari ndefu, naiacha injini kwenye sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kuvutwa mafuta, kidogo kabla ya kuzima.

Nimetaja mchanganyiko mkavu. Jeti ndiyo iliyokuwa kosa langu la kwanza, siku ile ya Kinyasini. Silinda ilikuwa kubwa, kabureta kubwa, na jeti niliyoikubali ilikuwa ndogo kwa sababu injini iliitika vizuri mjini. Mjini huvuti mafuta mpaka mwisho, jeti haijaulizwa swali. Baada ya kutia geji nilianza na jeti kubwa makusudi, mpaka injini inakohoa ikivutwa mwisho, nikawa nashuka namba moja moja na kutazama joto. Kila niliposhuka, nguvu iliongezeka kidogo na nyuzi ziliongezeka kidogo. Pakafika mahali nguvu haikuongezeka tena ila joto likaruka nyuzi kumi na mbili kwa mkupuo. Nikarudi nyuma hatua mbili na kuacha hapo. Nimepoteza labda kilomita tatu kwa saa. Sizihitaji. Plagi nayo niliibadilisha kwa ya baridi zaidi. Kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi, kwa hiyo kutoka 7 nilikwenda 8.

Nyuzi kumi na mbili ukizitaja tu zinaonekana chache, na ami alisema hivyo. Basi tupige hesabu. Pistoni ya alumini yenye kipenyo cha milimita 63, ikiongezwa nyuzi 100, inatanuka kiasi cha milimita 0.12. Silinda ya chuma cha kusubu kwa nyuzi hizo hizo inatanuka kama 0.07. Na pistoni daima ina moto kuliko silinda, kwa sababu yeye hana mapezi. Nafasi iliyoachwa kati yao injini ikiwa baridi haizidi sana unene wa unywele, na kila nyuzi inayoongezeka inakula kwenye unywele huo.

Mwezi wa Februari mwaka uliofuata daftari likanilipa. Kipande cha Tunguu, kaskazi, peke yangu, namba iliyozoeleka ilikuwa 148. Siku hiyo nikaona 157. Nikafikiri ni jua. Siku tatu baadaye, 163. Sijagusa jeti, petroli nimenunua kituo kile kile, oili ni asilimia mbili kama kawaida. Injini ilikuwa tamu, ina nguvu hata zaidi ya siku zote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana injini iliyokaukiwa huwa tamu kabla ya kuvunjika. Kisha nikaona jambo jingine ambalo bila geji nisingelijali: nikiachia mafuta, sailensa haishuki upesi. Inaning'inia juu, sekunde mbili, tatu, halafu ndipo inatulia.

Nikampelekea ami Vespa na daftari. Alisikiliza kwanza, kama desturi yake. Akainama, akavuta na kuachia, akavuta na kuachia. Akasema anasikia kitu, lakini angeliletewa bila habari asingelisimamisha mtu safari kwa kitu hicho. Kisha akafuta mikono akasema, "Hebu nione hilo daftari."

Tukafikiri pamoja. Hewa inaingia mahali isipotakiwa, na petroli haiifuati. Inaweza kuwa gasketi ya kabureta, inaweza kuwa gasketi ya chini ya silinda, inaweza kuwa moja ya oili sili mbili, pete za mpira zinazozuia oili na hewa zisipite, za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe mzito. Sisi hatukuwa na moshi. Gasketi za kabureta alizibadilisha, hakuna kilichobadilika. Ikabaki sili ya upande wa flaiwili. Akavua kava, akavua feni, akaitoa flaiwili kwa pula yake, na nyuma yake palikuwa na unyevu mweusi wa oili na vumbi, umechora duara kuizunguka krenki. Mdomo wa sili ulikuwa umekauka mgumu kama kucha. Kifaa cha bei ya sahani mbili za biriani, na kingenichukulia pistoni ya pili, labda na krenki.

Mpaka leo sijamsikia ami akisema geji ni bora kuliko sikio, na sitaki aseme. Ila wateja wake watatu wenye silinda za kuongezwa sasa wana pete chini ya plagi, na amewaambia wanunue daftari.

Baadhi ya marafiki wananishauri nitie na sensa ya moshi, ile inayotobolewa kwenye bomba karibu na tundu la kutolea. Inajibu haraka sana. Ile ya plagi huchelewa, kwa sababu chuma cha hedi lazima kipate moto kwanza. Ninavutiwa, lakini nasita. Joto la moshi linapanda pia kwa sababu ambazo si za hatari: ukirudisha nyuma taimingi ya cheche, moto unaungua kwa kuchelewa na kutoka nje na moshi, kwa hiyo bomba linasoma juu wakati hedi inasoma chini. Anayetazama moja bila nyingine anaweza kulikimbia tatizo lisilokuwepo. Nimeshachora alama ya chaki kwenye bomba. Sijalitoboa.

Januari hii nilikwenda tena Nungwi, njia ile ile. Mahonda nilisoma 150. Baada ya Kinyasini barabara ilinyooka, nikavuta mafuta yote kama siku ile, namba ikapanda taratibu: 160, 168, 174. Taa yangu ya onyo nimeiweka 190. Ng'ombe walikuwepo mbali mbele, wamefungwa kamba pembeni. Sikuachia. Nilipunguza robo, nikangoja, nikapunguza robo nyingine, nikaiacha injini inyonye petroli na oili yake huku kasi inashuka yenyewe. Kwenye 155 nikabana klachi, nikaachia mafuta yote. Sailensa ikashuka palepale.